Je, Wajua? Safari kwa Sikio na kwa Unyayo

Je, wajua kwamba mpiga debe anatoa huduma ambayo miji tajiri inailipia mamilioni? Anaposimama mlangoni mwa gari akipaza "Mbagala, Mbagala, Mbagala! Siti zipo!", abiria asiyeona aliyeko kituoni amekwisha kupata majibu kwa mpigo: gari limefika, linakwenda Mbagala, nafasi ya kukaa ipo, na mlango uko pale sauti inapotokea. Hakuna aliyeketi ofisini kumpangia huduma hiyo. Wenye gari wanataka lijae, basi. Lakini sikio la asiyeona linafaidi, na ndiyo maana wako wasioona wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaosafiri peke yao miaka nenda miaka rudi, katika magari ambayo hayana hata kifaa kimoja kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Je, wajua kwamba London ililazimika kufunga mitambo ya setilaiti katika mabasi yapatayo 8,000 ili ipate nusu ya hayo? Mfumo wao unaitwa iBus, na ulifungwa kati ya 2007 na 2009. Unataja namba ya basi, mwisho wa safari na kituo kinachofuata. Nasema nusu kwa sababu unatangaza ndani ya basi. Aliyeko nje, akisubiri, bado anauliza watu.

Nje ya London mambo yalikwenda taratibu zaidi. Ni mwaka 2023 tu Uingereza ilipotunga kanuni zinazotaka mabasi ya njia za kawaida yatangaze vituo kwa sauti na kwa maandishi, na muda wa mwisho kwa karibu mabasi yote ukawekwa Oktoba 2026.

Je, wajua kwamba nchini Marekani sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu ilileta wajibu ambao hauhitaji mtambo wowote? Dereva wa basi la njia iliyopangwa anapaswa kutangaza vituo vya kubadilishia gari, makutano makubwa ya barabara, na kituo chochote ambacho abiria mwenye ulemavu amemwomba. Akiwa na kipaza sauti, vema. Akiwa na mdomo wake tu, autumie. Na pale ambapo mabasi ya njia mbalimbali yanatumia kituo kimoja, mwenye mabasi lazima awe na namna ya kumwezesha asiyeona kulitambua gari lake.

Hicho kifungu cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, kokote duniani. Kujua uko wapi ukiwa ndani ya gari ni shida moja. Kujua ni gari lipi kati ya matatu yaliyosimama mbele yako ni shida nyingine kabisa.

Je, wajua Wacheki wameitatuaje? Asiyeona wa Prague hubeba mfukoni kifaa kidogo cha redio chenye vitufe sita. Tramu au basi likifika, hubonyeza kitufe kimoja, na kipaza sauti kilichofungwa nje ya gari kinataja namba na mwisho wa safari. Hubonyeza kingine, na dereva anaarifiwa kwamba kuna asiyeona anayetaka kupanda, hivyo asiondoke kabla hajaingia. Kifaa hichohicho huamsha sauti kwenye milango ya stesheni za metro, zikamwelekeza mlango uko wapi. Gari halipigi kelele kutwa nzima, linasema linapoulizwa. Mfumo huo ulianza kutumika katika miaka ya 1990, kabla simu za kisasa hazijaenea.

India nao hawakukaa kimya. Wataalamu wa chuo cha teknolojia cha IIT Delhi walibuni kifaa kiitwacho OnBoard, cha kazi hiyohiyo: asiyeona anabonyeza, mabasi yaliyo karibu yanajibu kwa namba zao kupitia kifaa cha mkononi, anachagua lake, kisha sauti inatoka karibu na mlango wa basi hilo ili aifuate. Kimejaribiwa Delhi na Mumbai, katika vurugu ya mabasi ambayo msafiri wa Ubungo au wa Kariokor hatashindwa kuitambua.

Je, wajua kwamba vile vigae vya njano vyenye vinundu, vinavyoonekana leo kwenye stesheni za reli na vivuko katika nchi nyingi, vilitokana na mapenzi ya mtu mmoja kwa rafiki yake? Seiichi Miyake, wa mji wa Okayama nchini Japani, alikuwa na rafiki aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1965 akabuni kigae ambacho unyayo unaweza kukisoma, akakigharimia kwa fedha zake. Tarehe 18 Machi 1967 vigae vya kwanza vilitandazwa barabarani Okayama, karibu na shule ya wasioona. Reli za Japani zikavichukua katika miaka ya 1970, na baadaye dunia.

Lugha ya vigae hivyo ina maneno mawili tu. Michirizi mirefu inasema: endelea kuelekea huku. Vinundu vya duara vinasema: simama, kuna jambo mbele yako, iwe ngazi, barabara au ukingo wa jukwaa. Vimeinuka milimita 5 hivi, kiasi cha kuhisika kwa soli ya kiatu na kwa ncha ya fimbo bila kumkwaza mtu. Ndiyo maana fundi anayevipanga kwa kufuata urembo anaweza kuua. Ukitandaza michirizi hadi kwenye ukingo wa shimo, umemwambia mtu atembee aingie shimoni. Ukiipeleka njia ya vigae hadi kwenye nguzo ya umeme, au mchuuzi akipanga ndoo za nyanya juu yake, umemwambia asiyeona uongo.

Wajapani wasioona wana msemo wao kuhusu jukwaa la treni: daraja lisilo na kingo. Wengi wao wamewahi kuanguka kwenye reli.

Je, wajua kwamba dawa ya kuanguka huko ilipatikana mapema kuliko vigae? Mwaka 1961 stesheni ya Park Pobedy huko Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg, ilifunguliwa ikiwa na ukuta kati ya abiria na reli, wenye milango inayofunguka treni inapokuwa imesimama tu. Singapore ikafungua metro yake mwaka 1987 ikiwa na milango ya namna hiyo kwenye stesheni za chini ya ardhi. Kuiongeza kwenye stesheni kuukuu ni gharama kubwa. Kuijenga tangu mwanzo ni sehemu ndogo ya bei ya reli nzima, na kwa nchi zetu zinazojenga reli mpya sasa hivi, huu ndio wakati wa kuuliza.

Je, wajua kwamba katika metro ya Moscow unaweza kujua unakoelekea kwa kusikia nani anatangaza? Sauti ya kiume inatangaza treni inapokwenda katikati ya mji, ya kike inapotoka. Kwenye njia ya mzunguko, mwanamume anatangaza treni zinazofuata mwendo wa saa, mwanamke zile za kinyume. Aliyepanda treni ya upande usio wake anajua kabla ya kituo cha pili.

Na Japani, kwenye majukwaa mengi, sauti za ndege zilizorekodiwa humwonyesha asiyeona ngazi zilipo, na kengele ya taratibu inalia kwenye geti la tiketi. Haisemi neno. Inasema mahali.

Je, wajua kwamba wasioona kabisa ni wachache kati ya wote tunaowazungumzia? Makadirio ya 2020 yalikuwa watu milioni 43 wasioona duniani, na watu milioni 295 wenye uoni hafifu wa kati au mkubwa. Karibu saba kwa mmoja. Hawa saba wengi wao hawabebi fimbo. Wanaona umbo la basi lakini si namba. Wanaona katikati na si pembeni, au pembeni na si katikati. Wanaona vizuri saa nne asubuhi na vibaya magharibi. Huyu ndiye abiria anayeinua mkono kusimamisha gari, kisha akakaribia na kulitazama, akaliacha liende. Konda anamtukana akidhani anacheza. Hachezi. Ndipo kwanza ameweza kusoma bango.

Kwa hao, rangi na ukubwa wa herufi ni kila kitu. Vigae vya Miyake ni vya njano kwa sababu njano juu ya lami au saruji ya kijivu inaonekana hata na jicho lililochoka. Mkanda wa rangi kali kwenye ukingo wa kila ngazi ya basi, vishikio vya rangi isiyofanana na ukuta wa gari, namba nyeupe kubwa kwenye ubao mweusi: haya ni mambo ya kopo la rangi na brashi. Mstari wa rangi kwenye ubavu wa daladala za Dar es Salaam, unaotofautisha njia, unafanya kazi hiyo kwa kiasi, rangi ikiwa mpya na gari likiwa limeoshwa. Nairobi mkanda wa njano kwenye matatu uliletwa na kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004, nao ulisaidia kulitambua gari la abiria, ingawa si njia yake.

Je, wajua kwamba karibu kila mtu mwenye ualbino ana uoni hafifu? Jicho lililokosa rangi ya asili huumizwa na mwanga mkali, mara nyingi huchezacheza lenyewe, na miwani haiwezi kulirudisha kwenye uoni kamili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kulingana na idadi ya wakazi. Kadirio linalotajwa sana ni mtu 1 kati ya 1,400. Mwanafunzi mwenye ualbino anayesubiri gari saa saba mchana, jua likimpiga usoni, hasomi bango la gari linalokuja kasi. Kituo chenye paa kinamlinda ngozi na kinamsaidia macho kwa wakati mmoja.

Argentina wamewapa wenye uoni hafifu fimbo yao wenyewe, ya kijani. Ilianzishwa mwaka 1996 na mwalimu Perla Mayo, na sheria ya nchi ikaitambua mwaka 2002. Fimbo nyeupe inasema sioni. Ya kijani inasema naona kidogo. Na fimbo nyeupe yenye mikanda myekundu? Mwenyewe haoni na pia hasikii, kwa hiyo usimpigie kelele, mguse mkono taratibu.

Je, wajua fimbo nyeupe yenyewe ilianzaje? James Biggs wa Bristol, Uingereza, mpiga picha aliyepoteza macho kwa ajali, aliogopa magari yaliyokuwa yakiongezeka mtaani kwake. Mwaka 1921 akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Mwaka 1930 mji wa Peoria, Marekani, ukapitisha sheria ndogo ya kumpa mwenye fimbo hiyo haki ya kupishwa barabarani. Paris ikafuata mwaka 1931, kwa juhudi za Guilly d'Herbemont. Hadi hapo fimbo nyeupe ilikuwa hasa ya kuonwa. Kuitumia kama kidole kirefu cha kupapasa ardhi kulikuja na Richard Hoover, aliyewafundisha askari waliopofuka katika vita ya pili ya dunia: fimbo ndefu zaidi, ikipepea kushoto na kulia, ikigusa mahali mguu unapotaka kukanyaga.

Siku ya Fimbo Nyeupe ni tarehe 15 Oktoba.

Je, wajua kwamba chini ya visanduku vingi vya vitufe vya kuvukia barabara huko Uingereza kuna koni ndogo ya chuma ambayo wenye macho hawaijui? Asiyeona huigusa kwa vidole. Taa ya kuvuka ikiwaka, koni hiyo inazunguka. Iliwekwa kwa sababu njia mbili za kuvuka zikiwa karibu, mlio wa moja unaweza kumvusha mtu kwenye nyingine akagongwa. Na kifaa hicho kinamfaa hata asiyesikia.

Kitufe cha Australia kinalia, kinatetemeka chini ya kiganja, na kina mshale ulioinuka unaoonyesha upande wa kuvukia. Kelele za mtaa zikizidi, nacho kinapaza. Mwimbaji Billie Eilish aliurekodi mlio wake akiwa Sydney na akautia katika wimbo "Bad Guy" wa 2019, kwa hiyo mamilioni ya vijana wamecheza dansi kwa sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona.

New York, kwa fahari yake yote, ilishtakiwa na wasioona. Mahakama ikakuta mwaka 2020 kwamba chini ya asilimia 4 ya makutano ya jiji yenye taa yalikuwa na ishara za sauti, na mwaka 2021 jaji akaliamuru jiji liweke ishara hizo kwenye maelfu ya makutano ndani ya miaka 10.

Je, wajua kwamba muziki wa matatu unaopigwa kwa kishindo unamfanyia asiyeona kile ambacho ukungu unamfanyia dereva? Abiria asiyeona anayeifahamu njia yake huhesabu. Matuta mawili, kona ya kushoto, mteremko, kelele za mafundi vyuma, harufu ya samaki ikikaribia Feri. Mwili wake ndio ramani. Spika zikizidi, nusu ya ramani inafutika, na hata akimwita makanga amshushe hasikiki. Kumwomba dereva apunguze sauti si kumharibia biashara, ni kumwomba amwashie abiria taa.

Na sasa jambo linalonihangaisha kuliko yote. Usafiri wetu unabadilika, na kila hatua mpya inapunguza mdomo. Mfumo wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam ulioanza Mei 2016 umeleta neema kubwa: sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa mmoja, kwa hiyo asiyeona hapandi ngazi wala haruki mtaro. Jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, la kwanza barani Afrika, na lilistahili. Lakini mabasi ya Kivukoni na ya Gerezani yanapita kituo kilekile cha Manzese, na anayeyatofautisha kwa kusoma bango la mbele ni mwenye macho. Mpiga debe hayupo. Pasipo sauti ya kuchukua nafasi yake, mtu aliyekuwa akijitegemea kwenye daladala anarudi kuwa muulizaji kwenye basi bora zaidi. Hilo halikubaliki, na tiba yake ni kipaza sauti kimoja kwenye mlango.

Je, wajua kwamba gari la umeme lilitungiwa kanuni ya kimataifa kwa sababu ya ukimya wake? Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138, ya mwaka 2016, inataka magari ya namna hiyo yatoe sauti ya kutengenezwa yanapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa. Zaidi ya hapo mlio wa matairi unatosha. Umoja wa Ulaya umeilazimisha sauti hiyo kwa magari yote mapya ya namna hiyo tangu Julai 2021. Kanuni inahusu magari madogo, mabasi na malori. Pikipiki haimo. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za umeme zinaruka mitaa ya Kigali tangu 2019. Kwa mapafu yetu ni habari njema sana. Kwa asiyeona anayevuka kwa kusikiliza, bodaboda isiyonguruma inayopita kando ya barabara ni hatari mpya, na nchi zetu hazina sababu ya kusubiri Umoja wa Mataifa uzitungie kanuni.

Na kulipa nauli je? Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina mistari ya kuhisika kwa vidole, ili anayelipa nauli ajue ametoa ngapi na amerudishiwa ngapi. Lakini mwanga wa kioo cha mashine ya kadi hausomeki kwa vidole. Mashine ya kadi ikitamka nauli iliyokatwa, tatizo limekwisha.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja usafiri wa umma kwa jina? Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari, kwa kiwango kinachofaa. Ibara hiyohiyo inataja maandishi ya nukta nundu. Kabla yake, sheria ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria kuyarekebisha, ikawapa miaka 2 tangu kifungu hicho kianze kutumika. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, unaozungumzia usafiri katika ibara ya 9, Kenya na Uganda ziliuridhia 2008, Tanzania 2009. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 333,520 wenye shida ya kuona. Kila mmoja wao ni abiria, au angekuwa.

Je, wajua namna ya kumsaidia asiyeona kituoni? Msemeshe kwanza, kabla hujamgusa: "Shikamoo mzee, unakwenda wapi?" au "Habari dada, nikusaidie?" Akikataa, mwache, anaijua njia yake. Akikubali, usimvute mkono wala usimkamate fimbo, maana fimbo ndiyo macho yake. Mpe kiwiko chako akishike yeye, utembee nusu hatua mbele, naye atahisi mwili wako unapopanda na unaposhuka. Mlangoni, mwekee mkono kwenye kishikio umwambie ngazi ni ngapi. Usimkalishe kwa kumsukuma. Mgusishe mgongo wa siti, atakaa mwenyewe.

Kwa konda, ni sentensi mbili. Gari linapokaribia kituo chake, kitaje kwa jina, si "tumefika". Na anaposhuka, mwambie mlango umeangalia upande gani wa barabara, na kama mbele ya mguu wake kuna mtaro.